Radi Kabla ya Wakati

Mimi waimbaji wamenichosha. Nasema wazi, na anayetaka kunishtaki akanishtaki. Miaka ishirini na sita niko kwenye mitambo ya jukwaa hapa San Boldo, jumba letu la opera, na mimi ndiye fundi mkuu. Nimeshusha miungu kutoka mawinguni, nimezamisha merikebu, nimechoma miji, na hakuna mungu wala merikebu wala mji ulionisumbua. Wasumbufu ni wale wanaofungua midomo.

Karnivali ya mwaka ule, zile sherehe za kabla ya Kwaresima, tulikuwa na opera ya mchawi. Hadithi yenyewe ni hii: kuna mchawi anaitwa Orindea, mzuri kupita kiasi, ana kisiwa chake, na kila mwanaume anayetia nanga pale anamgeuza jiwe au mti. Halafu anakuja mmoja, shujaa, wala hana la maana la kusema, na Orindea anampenda mpaka anajisahau. Shujaa anakumbuka kwamba kwao ana mchumba, anamwambia anamwacha, kisha anazimia kwa uchungu pale pale kwenye nyasi. Orindea anawaita mashetani wake wamrudishie moyo wa shujaa, mashetani hawaji, maana mapenzi yameshamlia uchawi wote. Basi anavunja fimbo yake, radi inapiga, kasri linaanguka, kwisha. Mtoto mdogo angeielewa. Walioshindwa kuielewa ni watu wazima thelathini tuliokuwa tumewaajiri kuiigiza.

Orindea alikuwa Orsola Vianel. Mimi na Orsola tumetoka uchochoro mmoja kule mtaa wa Castello. Mama yake alikuwa mtunga shanga, kutwa kakaa mlangoni na sinia mapajani, akizichota kwa sindano ndefu, shanga za kupelekwa nchi ambazo hatutaziona. Baba yangu alikuwa seremala wa merikebu. Niliwahi kumpenda Orsola kwa muda wa wiki sita, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikapona, na tangu hapo tunagombana kama mtu na dada yake. Pale jukwaani ni yeye peke yake aliyeniita Tonin. Wengine wote waliniita Fundi, na wakiwa na shida, Fundi mpenzi.

Balaa lilianza siku ya nne ya mazoezi, Orsola alipokuja na sanduku lake.

Kama hujaishi na waimbaji, hulijui sanduku. Kila mwimbaji wa maana analo, na ndani ameweka nyimbo zake za kutembea nazo, zile zilizompatia makofi Bologna au Napoli au wapi sijui. Akifika mji mpya, opera iwe ya mfalme, iwe ya mchunga kondoo, lazima atafute pa kupachika wimbo wake wa sandukuni. Unahusu nini, hajali. Nimeshamwona baba aliyefiwa amesimama juu ya maiti ya mwanawe akiimba habari za njiwa, kwa sababu ule wa njiwa ndio uliompa jina Milano.

Orsola alipanda jukwaani na karatasi zake, akampa kila mpiga fidla ya kwake, kisha akamgeukia Maestro Calegher aliyekuwa kwenye kinanda. Huyu ndiye aliyeitunga opera yenyewe, mtu mwembamba, mafua hayamtoki mwaka mzima.

"Maestro, pale ninapovunja fimbo, wimbo wako sitauimba. Nitaimba huu."

Maestro akausoma, akapenga kamasi, akausoma tena.

"Huu ni wa meli kwenye dhoruba."

"Ndiyo."

"Orindea yuko bustanini."

"Bustani iko kisiwani, na kisiwa kiko baharini. Au kwenu visiwa viko wapi?"

Wapiga fidla wakacheka. Bwana Grandis, mwenye kampuni, aliyekuwa amekaa chini kwenye mabenchi na kofia yake kichwani, akasema haya, tuusikie. Hapo ndipo ningepaswa kusema neno. Sikusema, maana nilikuwa nimetingwa na mti wa mchungwa uliokataa kusimama.

Sasa, kuhusu watu wangu. Ninao kumi na wanane, wote wametoka kwenye karakana ya merikebu, watu wa kamba na magurudumu. Hakuna hata mmoja anayesoma. Wanakaa nyuma ya mapazia, jukwaa hawalioni, kwa hiyo wanafanya kazi kwa sikio. Mimi ndiye ninayewafundisha: ukisikia vile, vuta; ukisikia hivi, achia. Wana mazoea yao ya miaka, na mojawapo ni hili, kwamba bahari ikitajwa wimboni, kazi ni mawimbi. Imekuwa hivyo opera kumi na moja mfululizo.

Orsola akaufikia mstari wa bahari inayofura. Mtu wangu aitwaye Nane, kiongozi wa watu wa mawimbi, mtu mtiifu sijaona mfano wake, akazungusha mpini. Mawimbi matano ya kitambaa cha buluu yakaingia bustanini, yakapita katikati ya michungwa yangu, yakamkuta shujaa amelala kwenye nyasi kama hadithi inavyotaka. Shujaa wetu alikuwa Gaspero, towashi kutoka Siena, mmoja wa wale waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike, mnene, mwenye sauti ya malaika na moyo wa kuku. Wimbi la kwanza lilimpiga ubavuni, la pili likaondoka na kofia yake yenye manyoya. Waliokuwa kwenye kamba ya merikebu waliposikia mawimbi yanazunguka wakadhani wamechelewa, wakavuta kwa nguvu zote. Nusu ya merikebu ikatokea nyuma ya chemchemi.

Nikapiga mluzi wa kusimamisha. Nikaenda nyuma.

"Nane. Tuko bustanini."

"Bahari imetajwa, Fundi."

"Nimesikia."

"Sasa ulitaka nifanye nini? Imetajwa."

Nilirudi mbele nikamkuta Gaspero amekaa chini ya mchungwa anakusanya manyoya yake moja moja, akisema yeye haimbi tena mpaka apewe mengine, na mekundu. Maestro alikuwa ameinamisha paji la uso juu ya kinanda. Bwana Grandis alikuwa amevua kofia, na huyo akivua kofia ujue mambo yameharibika.

"Bi Orsola," akasema, taratibu kabisa, "utaimba kilichoandikwa. Wenye vyumba vyote vya kutazamia kule juu nimewaahidi ile sauti ya pale kwenye fimbo. Wanaingoja. Usipoitoa wewe, ataitoa Zanze."

Zanze alikuwa binti aliyeigiza kijakazi wa mchawi, miaka ishirini na miwili, koo safi. Alikuwa amesimama pembeni, na angalau alikuwa na adabu ya kutazama viatu vyake.

Kuhusu ile sauti tuelewane, maana ndiyo kiini cha mambo yote. Katika wimbo alioutunga Maestro, Orindea anapanda ngazi kwa ngazi, anapanda, anapanda, mpaka juu kabisa anashika sauti moja na kukaa nayo peke yake, vinanda na fidla vyote vimenyamaza. Akiiachia ndipo anavunja fimbo, na ndipo radi inapiga. Hata radi yangu ilikuwa inaingojea hiyo. Watu wa radi niliwafundisha hivyo: msikieni anafika juu, mwacheni amalize, kisha fungueni.

Orsola akakunja karatasi yake ya kuimbia, zile za wapiga fidla akaziacha, akaondoka.

Nilimfuata mpaka kwenye chumba chake na hasira zimenipanda kichwani. Nilimkuta anakula boga la kuchoma kwa vidole, bado amevaa taji la kichawi.

"Michungwa miwili imevunjika," nikamwambia. "Siku nzima imekwenda. Kwa ajili ya nini? Kwa sababu Bologna walikupigia makofi mwaka gani sijui?"

"Kaa, Tonin."

"Sikai. Wimbo ulioandikwa una kasoro gani? Hata mimi nauelewa, na mimi ni mtu wa misumari."

"Hauna kasoro. Ni mzuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa." Akaweka boga chini, akafuta vidole. "Ile ya juu haipo."

"Haipo wapi? Iko kwenye karatasi."

"Kwangu haipo. Tangu Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martino. Naamka asubuhi naitafuta, siioni. Za chini yake zote zipo, mpaka ile inayofuatana nayo ipo. Yenyewe nikiigusa inatoka hewa."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kugomba nusu saa nzima na sasa sikuwa na pa kuiweka hasira yangu, jambo ambalo nalo liliniudhi.

"Umemwambia nani?"

"Nimekwambia wewe."

"Kwa nini mimi? Waimbaji wenzako wamekufa?"

"Kwa sababu hujui muziki. Hutaniambia ninywe yai bichi kulainisha koo." Akalivua taji, akaliweka magotini. "Grandis akimpa Zanze nafasi yangu katikati ya karnivali, Kwaresima ikifika watakuwa wanajua mpaka Torino. Nani ataniita tena? Nina miaka arobaini na minne. Nitarudi kukaa mlangoni kwa mama kutunga shanga, na macho yenyewe hayaoni tundu la sindano."

Alisema bila kulia. Angelia ningejua la kufanya, ningetoka nje. Lakini alinitazama tu, kama mtu aliyeleta kiti kimevunjika mguu, anangoja fundi aseme kitatengenezeka au hakitatengenezeka. Hilo ndilo tatizo la kuwa fundi, watu wanadhani kila kitu kinatengenezeka. Na mimi mwenyewe, mjinga, nikaanza kufikiri.

Radi ya San Boldo ninajivunia. Ni mfereji wa mbao unaoanzia darini, unashuka nyuma ya jukwaa ukijipinda kushoto na kulia mpaka chini ya sakafu, na ndani yake nimepigilia vizuizi vya mti. Juu kabisa kuna matufe arobaini ya chuma, yale ya mizinga ya vita, nyuma ya mlango. Ukiinua mlango, matufe yote arobaini yanaporomoka. Jengo linatetemeka, glasi zinapinduka vyumbani, wanawake wanashika mikono ya wanaume wasio waume zao. Inachukua muda wa pumzi sita hivi, na katika muda huo hata kengele ya kanisa ikipigwa karibu yako huisikii.

"Utafungua mdomo," nikamwambia.

"Halafu?"

"Basi. Fungua mdomo, rusha kichwa nyuma, nyoosha mikono. Ukifika pale, radi nitaifungulia mimi mwenyewe, kabla ya wakati. Ikinyamaza, wewe umeshamaliza, vunja fimbo."

"Na Maestro?"

"Nitamwambia watu wangu wamewahi. Kila siku nalaumiwa, siku moja zaidi haitaniua."

"Watu watajua sikuimba."

"Hakuna atakayejua. Wameshaambiwa watasikia, watasikia."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. "Kwa hiyo seremala ndiye anayenifundisha kuimba."

"Kutoimba," nikamwambia. "Na kwenye mazoezi yaliyobaki sema unahifadhi koo. Wenzako wote wanasema hivyo, hata wakiwa wamelewa."

Akasema hivyo, na kwenye mazoezi yaliyobaki hakuna aliyemshangaa.

Jioni ya kwanza nyumba yetu ya opera ilijaa mpaka wapiga makasia wa mashua za abiria walikaa kwenye ngazi. Hao tunawaingiza bure, na ndio wanaopiga kelele kuliko waliolipa. Vyumbani juu watu walikuwa wanakula chakula chao, wanacheza karata, wanageuka kutazama jukwaa pale tu wanapopenda. Gaspero aliingia na manyoya mekundu marefu mno, moja likashika moto kwenye mshumaa, akaendelea kuimba huku mtu wangu akilizima kwa kitambaa kichafu. Alipigiwa makofi kwa hilo. Nilimwona Maestro anafumba macho.

Lakini Orsola. Niseme ukweli, alikuwa anaimba vizuri. Orindea yule nilikuwa nimeshamchoka kwa mazoezi ya mwezi mzima, na bado alipowaita mashetani na mashetani wasije, akageuka kutazama kama labda wako nyuma yake, watu wa karata waliziweka chini. Niliyaona hayo kutoka darini kwa mwanya kati ya mbao mbili. Nane nilikuwa nimemwondoa kwenye radi, nimempeleka kwenye kasri, akaondoka amenuna. Mlango wa matufe nilikuwa nimeushika mwenyewe.

Akaanza kupanda. Ngazi kwa ngazi. Nikaona kifua chake kinajaa, fidla zikanyamaza, nikainua mlango.

Matufe yakashuka. Nilikuwa nimesimama juu yake kabisa, meno yalinigongana. Kule chini nilimwona amerusha kichwa nyuma, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, mikono imefunguka kama mtu anayepokea kitu kutoka juu. Nikasema moyoni huyu mwanamke anajua kuigiza, na hilo sitambishia mtu. Tufe la mwisho lilipotua chini, akavunja fimbo. Kasri likaanguka kwa wakati wake, ajabu ya mwaka.

Nyumba ikapasuka kwa shangwe. Walirusha njiwa kutoka vyumbani, walirusha karatasi za mashairi, walirusha maua ya kitambaa. Mpiga makasia mmoja, jibaba lenye kanzu ya manjano, alisimama juu ya benchi akimwambia kila mtu kwamba sauti ile ameisikia mpaka kwenye magego. Mama mmoja chumbani alikuwa anajipepea na kulia. Nikacheka peke yangu kule darini. Nilijiona mtu wa maana sana.

Kisha wakaanza kuita: tena!

Tena, tena, tena. Miguu chini, viti ukutani. Mji huu wakisema tena ni tena, ukikataa wanang'oa mabenchi, na Bwana Grandis hakuwa mtu wa kukataa. Nilimwona anatoa ishara kwa kofia: rudisheni kasri, aimbe upya. Na mimi, miaka ishirini na sita ndani ya nyumba hii, nimelisikia neno tena kuliko jina langu, sikulifikiria hata kidogo. Nilipanga radi moja. Matufe yote arobaini yalikuwa chini ya sakafu, na kuyapandisha kwa kapu na kamba huchukua nusu ya tendo zima la opera. Kasri lilikuwa linainuka. Maestro alikuwa ameshaanza kupiga.

Nilishuka zile ngazi mbili mbili, umri wangu wote nikiuhisi magotini. Nilipofika pembeni ya jukwaa, Orsola alikuwa ameshaanza. Nikasimama mahali anaponiona, karibu na taa, nikaanza kumpungia. Nilitikisa kichwa. Nilifunika mdomo. Nilimwonyesha azimie, waimbaji wanazimia kila siku kwa mambo madogo kuliko hayo. Nilimfanyia mawimbi kwa mkono, nikiwa na maana, imba hata ule wa meli, karatasi bado ziko kwa wapiga fidla, Nane atafurahi. Gaspero, aliyelala miguuni pake, alinitazama akadhani nimeshikwa na kifafa.

Orsola aliniona. Alinielewa vizuri, huyo ananijua tangu tuna miaka mitano. Na akatabasamu. Uso wake ulikuwa umewaka kama wa mtu aliyepata barua aliyokuwa ameikatia tamaa. Sikuelewa. Nilichokielewa ni kwamba anapanda, ngazi kwa ngazi, hapunguzi, hakwepi, na nikasema moyoni, mpumbavu wee, si tulikubaliana.

Fidla zikanyamaza. Akaifikia.

Ilitoka nusu. Halafu ikapasuka. Halafu ikabaki pumzi tupu, na aliendelea kuitafuta mdomo wazi mbele ya nyumba nzima iliyokaa kimya kuliko nilivyowahi kuisikia. Siku zote tunawaomba wanyamaze hawanyamazi, siku hiyo walinyamaza.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule wa kanzu ya manjano. Kisha wengine. Pea la kuoka likaruka kutoka vyumbani likaangukia karibu na viatu vyake. Orsola akavunja fimbo, akamalizia mstari wa mwisho, ule wa chini, sawasawa kabisa, bila kukosea hata herufi. Akainama. Akatoka.

Bwana Grandis hakufoka. Alinipita bila kuniona, akaenda moja kwa moja alikokuwa Zanze.

Nilimkuta Orsola chumbani kwake, amekaa, fimbo iliyovunjika bado mkononi. 

"Nilikwambia ufungue mdomo tu," nikasema. "Tu. Mara ya kwanza ulifanya vizuri kabisa. Nimekuonyesha uzimie, hukutaka. Nimekuonyesha mawimbi, hukutaka. Ni shetani gani aliyekutuma uijaribu?"

"Ilikuja, Tonin."

"Nini kilikuja?"

"Mara ya kwanza. Nilifungua mdomo tu, kama ulivyosema. Sikuwa na hofu, maana hakuna ambaye angesikia. Ikaja." Alizungumza polepole, akivigeuza vile vipande viwili vya fimbo. "Nzima. Sikuisukuma hata kidogo. Haikuwahi kuwa nzuri vile, hata Bologna, hata nilipokuwa na umri wa Zanze. Nikashikilia, nikaona bado ipo, nikashikilia tena. Nikajua imerudi. Ndiyo maana nikaenda kuichukua."

Huko nje walikuwa wanaita watu wa kuzima mishumaa.

"Nimemuuliza Gaspero," akasema. "Alikuwa miguuni pangu. Alikuwa ameziba masikio kwa ajili ya radi yako." Akanyanyua macho. "Wewe uliisikia?"

Nyumba nzima ilikuwa imeapa kwamba imeisikia. Mpiga makasia ameisikia kwenye magego, yule mama ameililia. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kwangu, na lilikuwa jepesi, nami nilikuwa na deni naye kubwa kuliko neno. Lakini nilikuwa nimemdanganyia watu elfu siku hiyo, na yeye mwenyewe sikuweza.

"Sikusikia," nikamwambia. "Nilikuwa juu ya matufe."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Akachukua boga la kuchoma lililokuwa mezani, akanigawia nusu, tukala. Jambo hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Mwimbaji ananichosha, nampangia ujanja, ujanja unafanya kazi kuliko nilivyotaka, na kitu pekee ambacho alikuwa anakitafuta tangu Mtakatifu Martino kimekuja na kuondoka chini ya chuma changu mwenyewe. Ningekuwa mzembe kama wanavyosema, ningechelewa pumzi mbili tu, nyumba nzima ingeisikia.

Kesho yake Zanze alivaa taji. Orsola hakuwapo, alikuwa Castello kwa mama yake. Nilipanda darini, nikamrudisha Nane kwenye mlango wa radi, nikakaa kando yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Zanze akapanda ngazi kwa ngazi, fidla zikanyamaza, na ile sauti ikatoka safi, haina hata mkwaruzo.

Nane akashika mlango. "Ameshafika juu, Fundi. Nifungue?"

"Ngoja," nikamwambia. "Mwache amalize."